Sentimita Saba za Ukuta

Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

"Mbio za sekunde ishirini na tatu hazina hesabu. Unaruka, unapiga maji, unafika." Hayo ni maneno ya katibu wa chama chenu cha kuogelea. Aliyasema jana redioni alipoulizwa umechaguliwaje kwenda Olimpiki. Salamu ziko chini ya ukurasa. Kwanza nimalize ugomvi huu, la sivyo chai haitashuka.

Hazina hesabu! Mtu huyu amekalia kiti kile miaka kumi na moja na hajawahi kulowa hata kifundo cha mguu. Mimi ni fundi vigae, kuogelea sijui, lakini nimekaa ukingoni tangu una miaka tisa na nimehesabu. Mita hamsini, mtindo huru: mikono thelathini na nane, pumzi moja tu kwenye mkono wa ishirini na sita, na mkono wa mwisho unagusa ukuta ukiwa umenyooka kama rula. Ikibaki nafasi kidogo, unateleza au unaongeza nusu mkono, na hapo umeshapitwa. Rafiki yako Sindano aliogelea 23.41 huko anakosoma. Wewe 23.39 kwenye bwawa letu. Nafasi ni moja. Sehemu mbili za mia za sekunde ndizo zilizokupeleka wewe na kumwacha yeye. Kama hiyo si hesabu, katibu atuambie hesabu ni nini. Nimemwandikia mhariri. Hatachapisha, lakini nimeandika.

Na wasimsahau aliyeuvisha ukuta ule vigae. Bwawa limefungwa miaka miwili linavuja, waziri anakuja kulifungua, mimi napewa siku kumi na moja, na ukuta wenyewe una tumbo kama la mjumbe wa kamati. Nikaunyoosha. Timazi haikupotoka hata unywele.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Unakula? Unalala? Hapa wote wazima. Mama yako anauliza kama huko kambini kuna baridi. Dada yako ataipiga picha barua hii kwa simu akutumie. Amesema niandike herufi kubwa. Nimemwambia wewe si kipofu.

Baba yako


Tarehe 9 Juni

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Baridi ipo kidogo, mwambie mama ninavaa soksi. Chumba kina vitanda viwili. Mwenzangu ni mrusha mkuki, anaongea na simu kutwa, mimi namsikiliza tu kwa sababu sina la kusema.

Watu wananiuliza najisikiaje kwenda Olimpiki. Nasema vizuri. Nadhani furaha itakuja baadaye, labda imechelewa njiani.

Kuna jambo moja. Nikifika mwisho hapa, mkono haufiki. Tangu mwezi wa kwanza nimeuzoesha kwenye ukuta wako, mkono wa thelathini na nane unagusa. Hapa wa thelathini na nane unaisha na ukuta bado. Kocha anasema nimechoka na safari. Wiki imekwisha sasa. Jana nilirudia mara kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili nilibaki nimenyoosha vidole kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Msalimie mama, na huyo mpiga picha wako.

Mwanao


Tarehe 28 Juni

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Sisi hatujambo. Samahani kwa kuchelewa kukujibu, kazi zilikuwa nyingi.

Naomba uniambie jambo. Ile nafasi inayobaki kati ya mkono wako na ukuta ni kubwa kiasi gani? Ni ileile kila siku, au inabadilika? Usimwulize kocha. Tazama mwenyewe.

Baba yako


Tarehe 29 Juni

Shikamoo baba,

Ni upana wa kiganja bila kidole gumba. Haibadiliki.

Umechukua siku kumi na tisa kuandika mistari sita, na umeianza barua kama karani wa mahakama. Hujamtukana hata mtu mmoja. Hata katibu umemwacha salama. Unaumwa? Dada hapokei simu yangu, na mama anasema nikuulize wewe.

Mwanao


Tarehe 14 Julai

Mwanangu,

Siumwi. Keti kitandani usome.

Barua yako ya tarehe tisa ilinikuta jikoni kwa mtu, nachanganya gundi ya vigae. Niliiacha ndoo nzima ikakauka. Nikakumbuka kamba za njia, zile zenye maboya. Siku bwawa lilipofunguliwa zilikuwa zimelegea, na mama wa bwawani, mwenye kazi ya kuzifunga, akazikaza mizunguko mitatu zaidi kuliko alivyozoea. Nilisimama pale nikamcheka. Nilidhani kamba zimevutika kwa jua.

Jumatatu iliyofuata, siku ya kutia dawa majini, hapakuwa na mwogeleaji. Niliazima tepu ya wapima viwanja. Mama wa bwawani akashika ncha moja, mimi nyingine.

"Ngapi?" akauliza.

"Arobaini na tisa nukta tisini na tatu."

"Fundi, tepu yako imelala."

"Haijalala."

"Basi vuta."

Nikavuta. Arobaini na tisa nukta tisini na tatu. Tukahamia njia ya pili, ya nne, ya saba. Ukuta umenyooka, mwanangu. Umenyooka vizuri sana, na umeingia ndani ya maji sentimita saba.

Kazi ya kawaida ni kubandua vigae vya zamani mpaka zege lionekane. Mimi sikubandua. Siku zilikuwa chache. Nilipiga plasta nene juu yake ili kulificha tumbo la ukuta, nikaweka vigae vipya juu ya plasta. Nilipima wima, nilipima usawa. Urefu sikupima. Miaka thelathini nimetia vigae vyumbani mwa watu, na chumba kikipungua kidole hakuna anayejua wala anayejali. Nililifanya bwawa kama bafu la mtu.

Nilikwenda kwa katibu. Akaniagizia chai.

"Fundi, sentimita saba si kitu. Kisosi hiki ni kipana kuliko hizo."

"Kwa mwendo wa mwanangu ni sehemu tatu za mia za sekunde," nikamwambia.

"Na alimpita mwenzake kwa ngapi?"

"Mbili."

Akakoroga chai yake. "Cheti cha bwawa kinasema mita hamsini kamili. Kina sahihi nne. Ya nne ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi kunywa chai, itapoa."

Nikanywa. Mimi niliyegombana na mhariri, na kampuni ya maji, na mwalimu wako mkuu mpaka akahama shule, nilikunywa chai ya yule mtu nikasema asante.

Muda wako wa kweli ni 23.42. Sindano ndiye angekuwa kwenye kitanda hicho, anamsikiliza mrusha mkuki. Nilitaka kukuacha uogelee kwanza, kisha nikuambie. Nimeshindwa, maana kila ukiandika habari ya mkono wako naona ukuta wangu.

Zimebaki siku kumi na nane. Niambie niseme au ninyamaze. Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Baba yako


Tarehe 27 Julai

Mwanangu,

Salamu. Hujajibu. Siku kumi na tatu.

Nimeuchukua ukimya wako kama jibu, na nimenyamaza. Usije ukadhani nakulaumu.

Wamepaka jina lako kwenye ukuta wa mlango wa bwawa kwa rangi ya bluu, herufi ndefu kama mtoto wa miaka mitatu. Anayepaka alinipigia mluzi: "Mzee, leo huna ugomvi na mtu?" Nikamwambia leo sina. Mama yako ananitazama kama mtu aliyeletewa mume wa jirani.

Alhamisi tutakutazama kwa kinyozi, televisheni yake ni kubwa kuliko yetu. Ogelea.

Baba yako


Tarehe 4 Agosti

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Natumaini nanyi wazima.

Barua yako niliisoma siku ileile. Kisha nikaenda kula, nikarudisha sinia, nikapanga foleni ya kufua nguo. Kila siku nilisema nitajibu kesho. Ukweli ni kwamba nilitaka unyamaze bila mimi kukuambia unyamaze. Ulifanya hivyo. Ukimya wangu haukuwa jibu, baba, lakini niliutumia kama jibu.

Mliona. Nitasema tu yale ambayo televisheni ya kinyozi haikuonyesha.

Chumba cha kusubiri kina viti vyeupe. Tulikuwa wanane wa kundi letu, na kila mtu alikuwa anatazama miguu yake. Mmoja alinitania, "Wewe mbona huna hata jasho la kiganja?" Nilitazama kiganja. Kweli, kilikuwa kikavu. Wakasoma majina, nikapunga mkono kwa sababu wengine walipunga. Njia ya saba. Kimya, kisha mlio.

Nilihesabu. Kwa wiki nane kocha alikuwa amenifundisha kurefusha kila mkono kidogo ili nifike vizuri. Siku yenyewe mwili ulirudi kwenye ukuta wako. Mkono wa thelathini na nane ukaisha, na kiganja kile cha maji kikawa mbele yangu. Nilikiona chote. Nikateleza mpaka nikagusa. 23.58. Wa tano katika kundi letu, wa hamsini na nne kwa jumla.

Mwandishi mmoja aliniuliza najisikiaje. Nikasema vizuri. Nilikwenda kuoga, nikasimama chini ya maji, sijui kwa muda gani, mpaka mtu wa usafi akaja akafunga bomba, akaniambia, "Kaka, wenzako wameshaondoka na basi."

Tangu siku hiyo sijalia wala sijakasirika. Mrusha mkuki aliposhindwa alipiga kabati teke mpaka mlango ukapinda. Nilimwonea wivu.

Sitarudi nyumbani kwanza. Nitapitia anakosoma Sindano. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mwanao


Tarehe 19 Agosti

Kwa ninyi wanne mliotia sahihi cheti cha bwawa: katibu, mwamuzi mkuu, mama wa bwawani, na baba,

Hamjambo? Mimi sijambo, na anayekaa mbele yangu wakati naandika hajambo pia.

"Sentimita saba si kitu." Katibu, hayo ni maneno yako, ulimwambia baba yangu mbele ya kikombe cha chai. Kama si kitu, hutapata tabu kuziondoa. Lakini mimi nimezipima kwa mwili wangu, nawe umezipima kwa kisosi, kwa hiyo nisikilize. Hizo saba zilinipa nafasi isiyokuwa yangu, kisha zikaninyang'anya mbio nilizozifikia. Zilimnyang'anya Sindano mbio ambazo hakuzifikia kabisa. Vitu viwili vimeibwa kwa kitu ambacho si kitu. Na mwaka huu watoto wa shule tatu wanajifunza kwenye bwawa lilelile, wanaambiwa muda wao, na muda wao ni uongo. Kila mmoja wao ataondoka siku moja akafike mbele ya ukuta wa kweli na mkono usiofika.

Msiseme hamkujua. Mama wa bwawani alikaza kamba kwa mizunguko mitatu ya ziada, na alishika ncha ya tepu. Mwamuzi mkuu alitia sahihi neno "kamili" akiwa ndani ya gari, injini inaunguruma; nilikuwepo. Katibu aliambiwa ana kwa ana. Baba alijua, na mimi nilijua siku kumi na nane kabla ya kuruka, nikaruka. Kwenye cheti hicho sahihi ya tano ni yangu, ingawa haionekani.

Nilimweleza Sindano jikoni kwake. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Aliendelea kuosha kikombe kilekile, akakiosha mara mbili, akakifuta, akakiweka. "Ulinipita kwa ngapi vile?" akauliza. Nikamwambia mbili. "Na ukuta ni ngapi?" Tatu. Akaguna. "Kwa hiyo nilikupita kwa moja. Miaka yote hii nakuambia nakupita kwa moja, unanicheka." Hakucheka yeye. Mimi ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, na yeye akanipa taulo la vyombo, limelowa, akaondoka zake chumbani. Kesho yake nilimwuliza kama atakuja kushika ncha ya tepu. Aliniuliza, "Saa ngapi?"

Saa nne asubuhi, Jumamosi ya tarehe 24.

Njooni wote wanne. Katibu, leta cheti, na leta kalamu. Pima mbele ya watoto wa shule, si ofisini. Andika unachokiona, futa 23.39 kwenye orodha ya rekodi, na uandike 23.41 na jina la aliyeogelea. Mwamuzi, safari hii shuka garini. Mama wa bwawani, nitafutie rangi nyeupe. Jina langu mlangoni nitalifuta mwenyewe.

Nawe baba, shikamoo. Mwandikie mhariri tena, na safari hii usimwachie nafasi ya kukataa. Kisha uje na tindo na nyundo. Anzia njia ya nne, pale nilipogusa kwa 23.39, ubandue mpaka zege lionekane.

Mwanao