Hewa ya Pipeline

Mama, umeamkaje huko Kitui? Huku mtaa wa Pipeline, taasisi yetu ya chuo kikuu imetuleta daktari, mhandisi na mimi mtu wa lugha, tupime hewa kwenye nyumba za kupanga. Jana nilimuuliza mama mmoja, "Hapa mnapata hewa?" Akafungua dirisha: ukuta wa jirani, unaugusa kwa mkono. Akacheka. "Hewa tunapata kila uchaguzi. Ahadi hewa! Na nyinyi mkishapima, mtaishia tu, tusiwaone tena."

Leo mkubwa wetu anataka tuhamie mtaa wa Komarock. Nimekataa. Sibanduki kabla mama huyu hajapata majibu ya vipimo vya nyumba yake. Mtafiti hewa sitakuwa.

Asubuhi ukifungua dirisha lako, vuta pumzi ndefu, halafu nyingine kwa niaba yangu.

Mwende wako