Mlinzi wa Magofu ya Takht-i-Bahi

Takht-i-Bahi, 12 Machi 1997

Mwanangu Umarzeb,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, mkeo na binti yenu. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila magoti yangu siku hizi hayanisikilizi. Kikohozi cha mama yako kimeondoka na baridi.

Anwani nimepewa na shangazi yako Mahro. Usimgombeze, nilimsumbua wiki nzima.

Miaka miwili sasa nimestaafu ulinzi wa magofu, lakini kila Alhamisi bado napanda kilimani kusoma kitabu cha wageni. Alhamisi iliyopita nikakuta mwandiko wako. Jina lako, "Karachi," na kwenye nafasi ya maoni: "Pamefagiwa vizuri." Nikacheka peke yangu mpaka Khaista Gul, mlinzi mpya, akaja kuuliza kama naumwa. Sifa hizo amezipata bure. Yule anafagia kama anafukuza kuku.

Mwanangu, pale juu ulikuwa unauona moshi wa jiko letu. Baada ya miaka kumi na mitatu, ukageuka ukashukia upande mwingine? Mama yako sijamwambia. Nikimwambia nitalala nje.

Baba yako


Karachi, 2 Aprili 1997

Baba,

Wa alaikum salaam. Sisi wazima. Pole kwa magoti. Msalimie Mama, ukipata namna ya kumsalimia bila kulala nje.

Nilikuja Mardan, mjini hapo jirani nanyi, kumzika fundi mwashi mwenzangu. Shandana, ambaye ana miaka minane, aling'ang'ania kuona nilikokulia. Nikampandisha. Nikamwonyesha uwanja wa vyumba vya watawa wa Kibuda wa kale, na kile chumba nilichokuwa nafanyia hesabu za shule huku wewe unazunguka na filimbi yako. Vishubaka walivyowekea taa zao, mimi nilikuwa naweka maembe mabichi. Mtoto aliingia kila chumba akaita jina lake, asikie likirudi. Nikakaa kwenye jiwe, nikaona kama sijawahi kuondoka pale.

Halafu akauliza, "Babu yuko wapi?"

Nikasema yuko kazini. Ningemwambia nini? Kwamba babu alikwenda polisi kwa miguu yake kumshtaki mwanawe kwa ajili ya kichwa cha Buda cha jiwe? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilichimba, ndiyo, na nilitaka kukiuza. Ungenichapa. Ungekifukia tena, mambo yakaisha. Nilikaa gerezani miezi minane, Baba, na hukuja kunitazama hata siku moja. Kama si Mama kuniletea chakula kila Jumatatu, ningejua nimeshazikwa kwenu.

Nimesema. Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Mwanao,
Umarzeb


Takht-i-Bahi, 20 Agosti 1997

Mwanangu Umarzeb,

Assalamu alaikum. Hamjambo na joto la huko? Hapa hata mawe yanatoa jasho.

Nimechelewa kukujibu. Barua sita nimeziandika nikazichana.

Kile kichwa nilikikuta kwenye pipa la unga, umekifunga kwa shela ya mama yako. Nilikifukia, Umarzeb. Siku ileile nilikirudisha shimoni kwa mikono yangu, nikaapa kukuchapa mpaka usahau jina lako. Lakini shimo lilikuwa limeshaonekana, na polisi wakamchukua Tawakal, mlinzi mwenzangu, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Walimpiga siku mbili. Nilipokwenda kumwona, uso ulikuwa umevimba hivi, nikamuuliza:

"Ulimwona aliyechimba?"

"Nilimwona."

"Mbona husemi?"

"Nimseme vipi, Mzee? Mtoto amekulia mikononi mwetu."

Ana watoto sita, na anapigwa kwa kukuficha wewe. Ndipo nikaenda kwa mkubwa wao nikasema ni mwanangu. Lingetokea tena leo, ningekwenda tena.

Kosa langu ni lililofuata. Sikukueleza. Niliona inatosha kwamba mimi nina haki. Na kila Jumatatu nilifika Mardan, nikasimama kwenye lango la gereza na kifurushi cha mikate na kababu, nikampa askari na kumwambia, "Mwambie ni kutoka kwa mama yake." Niliona haya uso wangu kuonekana. Mama yako hajawahi kufika lango lile, maana nilimkataza, na yeye hajanisamehe hilo hadi leo. Kababu nilikuwa nazikaanga mwenyewe, nyuma ya stoo ya majembe.

Kwamba ulikuja, nimeshamwambia. Siku tisa sasa ananipa chakula kisicho na chumvi.

Baba yako


Karachi, 5 Septemba 1997

Baba,

Assalamu alaikum. Sote wazima.

Mama hajawahi kutia pilipili nyingi kiasi kile. Miezi minane nilikula nikilia machozi, nikidhani amenikasirikia.

Sijui niandike nini zaidi. Idi tutakuja, sisi watatu. Nataka kwanza unipeleke kwa Tawakal.

Umarzeb wako


Takht-i-Bahi, 9 Februari 1998

Mwanangu Umarzeb,

Assalamu alaikum. Bila shaka mmefika salama, na basi halikumsumbua tumbo Shandana kama wakati wa kuja. Mama yako ni mzima, ila nyumba imemwia kubwa ghafla. Tawakal anakusalimu. Anasema umemlilia begani mpaka koti limehitaji kuanikwa, na kwamba akikuona tena atavaa la zamani.

Iko habari moja hukuijua. Siku ya pili ya Idi, tulipopanda wote, mama yako na mkeo walimpeleka mtoto kutazama bonde. Wewe ukaingia kwenye kile chumba chako cha hesabu, ukajinyoosha juani ukutani, na kabla sijamaliza sentensi ukawa umelala. Nikakufunika kwa shuka langu. Nikatoka, nikakaa mlangoni.

Akaja mgeni kutoka Lahore na wanawe, kamera mkononi. "Mzee, humu mna nini?"

"Hamna sanamu humu."

"Nichungulie kidogo tu."

"Leo pamefungwa," nikamwambia. "Mwanangu amelala."

Akatazama miguu yako, akaizima kamera, akawapitisha wanawe taratibu kwa ncha za vidole. Baada yake wakaja wengine, nao nikawarudisha. Khaista Gul akanikumbusha kwamba nimestaafu. Nikamwambia anyamaze.

Ulipoamka jua lilikuwa linapoa, ukauliza mbona sikukuamsha mapema. Nikakujibu nilisinzia na mimi.

Sikusinzia, mwanangu. Nilikuwa macho muda wote.

Baba yako