Dodoki Lisiguse Ngozi Yako

Marahaba, mjukuu wangu Zaina. Nisamehe kuchelewa kukujibu. Mtoto anaota meno, silali. Kwa umri wewe umenizidi, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako, basi nisikilize.

Unauliza kama ukubali kusuguliwa na kungwi wako kabla ya harusi ili magamba ya ugonjwa wetu huu wa ngozi yatoke. Usikubali! Mimi walinisugua hapa Chanika nilipokuwa mwali, kwa dodoki kavu.

"Tulia wewe, nani ataoa kenge?" kungwi wangu akasema, na wanawake wote wakacheka.

Kila palipochubuka pakaota baka jipya, nikaolewa ngozi inawaka chini ya gauni.

Nina hasira mpaka leo. Soriasisi si uchafu, wala haiambukizi! Daktari aliniambia ni kinga ya mwili inayoharakisha ngozi kuota. Ukishaoga, jipake mafuta mwili ungali na unyevu, na usijikune. Mgongoni mume wangu ndiye hunipaka, wala hajafa.

Nitumie kutoka Korogwe kopo kubwa la vaselini isiyo na manukato, pamoja na ile dawa ya kupaka niliyoandikiwa na daktari, maana hapa imeisha, na jina la huyo kungwi wako. Nakuja kuongea naye mwenyewe.

Bibi yako, Mama Shabani