Dawa ya Nyanya Mgongoni mwa Baba

Jumanne. Kimana, baridi, mawingu mazito.

Sauti ya mbuzi wakihema haijanitoka. Nilitoka Kitengela jana kuja kuwaona wazazi, na leo asubuhi niliisikia kabla sijafungua mlango: pumzi fupi, kavu, za haraka, kama za mnyama aliyekimbizwa juani. Jua halikuwepo. Mbuzi walikuwa wamesimama tu.

Jana mchana Baba alitaka kuwapulizia dawa ya kupe. Ilikuwa imeisha, kwa hivyo akaomba dawa ya jirani yetu anayelima nyanya, akawapulizia hiyo. Ile inaua utitiri wa nyanya, na kwa Baba utitiri na kupe ni ndugu. Pampu ya mgongoni ilikuwa inavuja. Shati lake lililowa, likamkaukia mwilini.

Nilisoma kibandiko cha chupa mara mbili. Kisha nikamwangalia Baba, amejifunika shuka, jasho linamtiririka.

Kazi yangu maabara ni mitokondria, vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli. Kila seli huziendesha kama sisi tunavyoendesha maji ya shamba: chembe ndogo ziitwazo protoni husukumwa upande mmoja wa utando, zikijaa hurudi kupitia lango moja, na nguvu ya kurudi kwazo ndiyo inayotengeneza ATP, chakula cha kila msuli. Dawa hii hubeba protoni na kuzivusha pembeni, bila kupita langoni. Seli inaendelea kuchoma sukari, inachoma zaidi hata, lakini kinachotoka ni joto tu. Mtu anaungua huku akiishiwa nguvu.

Maabara huwa natia tone moja la kitendanishi, kemikali ya majaribio, cha aina hii, na mstari wa oksijeni unashuka ghafla kwenye skrini. Nimewahi kuuita mzuri.

Hakuna dawa ya kuipinga sumu hii. Kuna kuoshwa, kupozwa, kuangaliwa.

Nilimwosha kwa sabuni, nikachoma lile shati. Saa sita jasho likakatika, akaitisha chai. Yeyo, mama yangu, akamshukuru Mungu kwa sauti.

“Hii ilikuwa malaria tu,” Baba akasema. “Wewe umesoma mpaka unaona sumu kwa chai. Wagonjwa ni mbuzi, peleka hao hospitali.”

Majirani waliokuja kumjulia hali walicheka. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba sumu hii hunyamaza, mtu anaonekana amepona, halafu inarudi na homa isiyoshuka.

Je, kama nimekosea? Nitakuwa nimemwaibisha mzee bure.

Nilimwomba jirani pikapu yake ya kubebea nyanya. Baba alikataa kupanda. Basi nikasimama mbele ya wazee wenzake, mimi binti yake, nikamwambia asipopanda sirudi kazini, nitakaa hapa nimwangalie mpaka nijue. Hakuna mtoto wake aliyewahi kumsemesha hivyo hadharani.

Alipanda.

Sasa tuko wodini, Kajiado. Amegeukia ukuta, hataki kuniona. Daktari nimeshamwonyesha chupa.