Kadi ya Persis

Jumatatu, 7 Juni 1971

Wauguzi wapya wamefika, saba. Na mtindo mpya — hakuna kukariri tena! Kila mmoja ana kadi ya kazi kumi na mbili. Namwonyesha, tunafanya pamoja, kisha anafanya mwenyewe mbele ya macho yangu. Akiweza, natia sahihi. Akishindwa mara mbili, arudi kwao.

Nimekula ndizi peke yangu. Hata redio imeisha betri.

Jumatano, 9 Juni

Persis, yule wa Keroka, ana mikono mizuri ajabu. Lakini leo wodi ya wanaume! Mzee kageuzwa, suruali imeshushwa, na Persis huyo — amefumba macho! Anataka kudunga hivyo hivyo! Nikamnyang'anya sindano. Akalia: Sista, huyu ni rika la baba, nitamtazamaje?

Chinsoni. Ile aibu yetu sisi Wakisii mbele ya wazazi. Ananieleza mimi!

Nimeandika: hajaweza.

Jumamosi, 12 Juni

Sabato leo, wote wameenda kanisani. Persis alirudi mapema, akaniletea chai, akaketi. Akaketi! Sikumbuki nani aliketi kiti kile mara ya mwisho.

Akauliza mimi nilizoeaje. Nikamwambia ukweli. Baba aliposikia naogesha wanaume wazima, alisema hatakula tena chakula cha mkono wangu. Miaka tisa sasa. Hajaja kwangu, nami sijaenda kwake.

Atajaribu tena Jumatatu. Akishindwa, anaondoka. Nimewaza nitie sahihi tu, yaishe. Aibu yangu.

Jumatatu, 14 Juni

Naandika nikiwa chumba cha dawa, sindano inachemka.

Manasseh, muuguzi wetu wa kiume, amesindikiza mgonjwa hospitali ya Kisii. Zamu hii tumebaki mimi na Persis. Wa kudungwa ni mmoja tu, kaletwa alfajiri, nimonia, hali mbaya. Mzee Nyamongo.

Baba yangu.

Aliniona. Akageukia ukutani.

Persis hajui. Amesimama mlangoni na trei, uso umechangamka. Sista, anasema, nionyeshe mara moja tu, kisha ya jioni nitadunga mimi, sitafumba macho. Na ndiyo sheria: aliyeshindwa aonyeshwe upya kwanza. Niliwasomea mwenyewe!

Dakika nne zimebaki za kuchemsha. Wodi nzima naisikia, na kikohozi kile nakijua tangu utotoni.

Nimemwambia avute pazia la kitanda.

Amerudi mlangoni, ameniuliza mbona nimefumba macho.