Tata Datius, Aliyetutangazia Wote

Mficha maradhi kifo humsitiri. Wahenga walisema humuumbua, lakini wahenga hawakuishi Hamugembe miaka hii, wakaona mtu anavyokonda mwaka mzima mbele ya macho ya mtaa, kisha akifa anasomewa kwamba aliugua kwa muda mfupi.

Mwaka umetimia leo, Tata, tangu tulipokulaza katikati ya migomba yako ya Ijumbi. Tunakuandikia sisi, mkeo na binti zako wawili. Aliyeshika kalamu ni Kokugonza, kwa sababu wewe mwenyewe ulisema kalamu ya nyumba hii ni yake.

Waliokuwa wadogo huenda hawajui ulikuwa nani. Ulikuwa sauti. Toka Bukoba mjini hadi Muleba hapakuwa na jambo kubwa lililofanyika kabla hujalitangaza, umesimama nyuma ya pikapu ya Kanubhai mwenye duka la vitambaa, spika mbili juu ya paa, mkono mmoja umeshika kipaza na mwingine daftari. Mheshimiwa Ndyamukama akija kuhutubia, ni wewe. Kamuhabwa, tajiri wa malori, akifungua mashine ya kusaga, ni wewe. Zahoro na bendi yake wakipiga dansi la Jumamosi, ni wewe tena, na hapo hukutangaza tu, uliimba kidogo, vibaya, watu wakaja wakicheka.

"Datius," Zahoro alikuambia, "ukiimba tena wimbo wangu nitakushtaki."

Ukamjibu kwa spika, mtaa mzima ukisikia: "Nishtaki, waitu! Lakini tangazo la kesi nitalisoma mimi!"

Ulikunywa chai ya tangawizi kabla ya kupanda pikapu, sauti isikauke. Senene wa Novemba uliwala mmojammoja, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Hukumpita mwanamke mwenye mkungu kichwani bila kumwambia dereva asimame ampakie, na ndiyo maana ulifika kila mahali umechelewa, na hakuna aliyekukasirikia.

Miaka ile karatasi ilikuwa adimu kama sabuni, nawe hukuchana ukurasa. Tangazo likishapita uliliacha, na lililofuata la mtu huyo uliliandika nyuma yake. Kwa hiyo tukifungua daftari lako leo tunasoma, mbele: "Njooni mumsikilize Mheshimiwa Ndyamukama." Nyuma: Ndyamukama amefariki. Mbele, mashine ya Kamuhabwa. Nyuma, mazishi ya Kamuhabwa. Mbele, dansi la Zahoro, kina mama bure. Nyuma, Zahoro, na chini yake kwa herufi ndogo ili nafasi itoshe, mpiga tumba wake.

Wote baada ya kuugua kwa muda mfupi. Familia zilikuomba useme hivyo, nawe ulikuwa mtu mwema, hukuwanyima. Ugonjwa tuliuita Juliana, jina la kitambaa kilichovuka mpaka na walanguzi, kana kwamba ni vazi, mtu angeweza kulivua.

Ukurasa mmoja tu uliuacha wazi nyuma. Ni wa mwaka wa sabini na tisa, ulipozunguka Muleba nzima ukiwaita waliokuwa wamekimbia mabomu mjini: "Rudini nyumbani. Hatari imekwisha. Anayependa kwao arudi." Anatolia, binti yako mwingine, aliwahi kuutaka afanyie hesabu za shule. Ukamzuia. "Huo uache, mwanangu. Hilo ndilo tangazo zuri kuliko yote niliyosoma."

Kisha nawe ukalazwa hospitali ya Rubya. Daktari alikuambia ugonjwa wako kwa jina lake, akamwambia na Mama. Mchana mmoja, shuka likiwa limelala kitandani kama halina mtu chini yake, ulimwita Kokugonza.

"Umeandika langu?"

"Lipi, Tata?"

"Usinifanye mtoto. Tangazo. Nisomee sasa, nisije nikasomwa vibaya."

Kweli alikuwa ameshaliandika, amelificha ndani ya mkoba. Akasoma. Alipofika kwenye kuugua kwa muda mfupi ulinyanyua kidole, kama ulivyokuwa ukimwashiria dereva asimame.

"Miezi kumi na minne, Koku. Huo ni muda mfupi kwa nani? Kwa kobe?"

Ukacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, Mama akakushika mgongo. Ulipopata pumzi hukuwa unacheka tena.

"Nimewafichia wengi. Wadogo zao wakarithi wajane kwa mila zetu, halafu nikawasoma na hao wadogo. Langu liseme. Apolinary asije akadai hakusikia."

Apolinary ni mdogo wako wa tumbo moja. Wote mle chumbani tulijua ni nani ambaye ukoo ungempa Mama amrithi.

Siku ya mazishi Kanubhai alikuja na pikapu na betri mpya. "Datius haendi kimya," alisema, akampa Kokugonza kipaza. Karatasi aliyokuwa nayo, aliyoliandikia tangazo upya, ni ile ya Rudini, kwa kuwa katika daftari lako lote haikubaki nyingine yenye mgongo mtupu. Akasoma jina lako, umri wako, miezi yako kumi na minne, na kwamba umekufa kwa UKIMWI. Akarudia mara ya pili, kama ulivyokuwa ukifanya kwa ajili ya walio mbali. Baba mdogo Apolinary alichomoa waya wa spika, lakini alikuwa amechelewa. Watu walikuwa wamekwishasogea nyuma hatua moja kutoka kaburini.

Hawajarudi, Tata. Ndizi za Mama zinaoza sokoni huku za jirani zikiisha. Mchumba wa Anatolia alituma ujumbe kwamba anasubiri msimu wa kahawa, na msimu umeshapita. Mwanamke mmoja tu alikuja, mjane wa Zahoro, akapitia kwenye migomba ili asionekane barabarani. Alimwuliza Kokugonza, "Neno lile ulilitamkaje bila kuanguka?" Akakaa kidogo, akakataa chai, akaondoka. Tulimzika mwezi wa nane. Alisomewa muda mfupi.

Baba mdogo hakumrithi Mama. Amenuna mwaka mzima, lakini ananuna akiwa mzima.

Sasa ukoo umekaa. Kwa kuwa hukuacha mtoto wa kiume, kibanja chako, pamoja na kaburi lako, ni cha mdogo wako. Mama ataachiwa kuishi humo hadi kufa kwa sharti moja: leo, baada ya misa, Kokugonza apige magoti mbele ya ukoo, aombe radhi na kusema alisema uongo.

"Neno moja tu," Baba mdogo alisema, amesimama mlangoni petu. "Sema ilikuwa homa. Homa haijawahi kumfukuza mtu kwenye migomba yake."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso. "Shemeji, migomba niliikuta, na nitaiacha. Mwanangu hapigi goti kwa ajili ya homa."

Usiku huohuo alianza kufunga vyombo. Tunasema haya bila kujisifu, kwa maana hatujui tunakwenda wapi, wala nani atapalilia kaburi lako majani yakiota. Ulituachia tangazo linalosema rudini nyumbani, na nyuma yake ndipo tulipoandika neno lililotutoa nyumbani.

Wanaokukumbuka ni mkeo Clotilda. Binti zako Anatolia na Kokugonza. Na rafiki yako Kanubhai na mkewe Kantaben, walioomba majina yao yawemo. La mdogo wako Apolinary halimo. Alituma mtu kutuambia tuliondoe.

Popote tutakaposhusha mizigo yetu, Tata, utakuwa nasi, na hatutakusahau kamwe.

Misa ni saa nne. Ukoo wote utakuwepo, na mahali pa kupigia magoti pamekwishafagiliwa. Kokugonza atakuja. Atakusalimu kwa Kihaya, salamu ambayo kwetu binti huipigia goti, akiwa amesimama wima.

Radhi haombi.