Ukuta Wako Katika Jumba la Mkonge

Mpendwa Baba,

Wiki jana nilikwenda tena kwenye lile jumba la zamani la shamba la mkonge, huku nyuma ya Kitengela. Najua ungeuliza habari zake kwanza, za wajukuu baadaye.

Unakumbuka mvua ya El Niño ilipoangusha sehemu ya ukuta wake, ukaitwa wewe kuujenga upya? Shule zilikuwa zimefungwa, nikawa nakuletea chakula cha mchana. Nilikaa kwenye baraza pana lililozunguka nyumba yote, kati ya nguzo za mawe, nikishangaa dari iliyokuwa juu kuliko ya kanisa letu. Mafundi wenzako walitaka mawe ya mashine na simiti. Ukakataa katakata. Ulikwenda machimboni kuchagua mawe mwenyewe, ukayachonga moja baada ya jingine kwa patasi, ukayashikanisha kwa chokaa na mchanga kama walivyofanya wajenzi wa kwanza. Miezi mitatu, Baba! Mama alisema umeoa ukuta.

Kisha yakaja mambo ya mavi ya ng'ombe. Mawe mapya yaling'aa mno, ukaenda kuomba mavi hayo kwa jirani yetu Mmaasai, Mama Nasieku, uyakoroge na maji na kuupaka ukuta ili uote kuvu na kuzeeka upesi. Alicheka hadi akakaa chini.

"Baba Mwikali, hiyo kazi kwetu ni ya wanawake! Kuja nikufundishe."

Na kweli alikufundisha, nawe ukajifunza bila aibu.

Ulipomaliza, hakuna aliyeweza kuona ukuta wa zamani unapoishia na wako unapoanzia. Nililia kwa hasira. Nilitaka uandike jina lako, hata kwenye jiwe moja tu. Ukanipangusa uso kwa mkono wenye chokaa.

"Mwaitu," ukasema, ukiniita mama kwa Kikamba maana nilipewa jina la mama yako, "mtu akijua nimepita hapa, nimeharibu kazi."

Sikukuelewa. Nakiri pia kwamba nilikuwa na kinyongo, hasa siku tulipokuzika na hakuja hata mtu mmoja kutoka jumba lile.

Sasa wamelinunua wengine, wanataka liwe hoteli. Wameagiza kila kilichoongezwa baada ya wazungu kuondoka kibomolewe. Nilimkuta msanifu wao, kijana mpole, akipaka alama nyekundu kwenye vya kubomolewa: choo cha nje, stoo, gereji ya mabati. Nilimweleza kwamba baba yangu aliwahi kufanya kazi pale, akaniruhusu nimfuate. Alipofika kwenye ukuta wako alisimama, akaupapasa.

"Hii ni ya wale wa kwanza kabisa," akasema. "Siku hizi fundi kama huyu utampata wapi?"

Moyo ulinijaa, Baba. Miaka yote hiyo nilitamani mtu aseme hivyo, na jina lako lilikuwa tayari mdomoni. Ndipo akageuka na kopo lake la rangi.

"Kwani mzee wako alijenga side gani?"

Nililimeza jina lako.

"Hakujenga," nikamwambia. "Alikuwa tu wa kukoroga chokaa."

Akaitikia kwa kichwa, akapita na brashi yake.

Nilikukana mbele ya kazi yako mwenyewe, nisamehe. Hata humu sitaandika ni ukuta upi.

Lala salama, Baba.

Binti yako wa kwanza